Pokémon wanaorudi: tusihesabu jina, tuhesabu kazi

Mwezi wa Desemba 2023 nilitabiri jambo mbele ya vijana wa mtaa wetu, na nilikosea kabisa. Mpaka leo kuko wawili ambao wakinikuta njiani hawanisalimu kwa jina la redio. Wananiita Incineroar, kisha wanacheka. Leo ninaandika ili niwajibu, tena juu ya sababu nyingine: kuko viumbe wengine ambao wanarudi, na ninasikia vijana wale wale wakikosea sawa vile mimi nilikosea.

Kwa msomaji ambaye hajui mambo haya, nieleze kwa ufupi. Pokémon ni mchezo wa video uliotoka Japani mwaka wa 1996. Leo viumbe vyake vimepita 1,000. Katika mashindano rasmi kila mchezaji anakuja na ekipe ya Pokémon sita, anachagua wanne, na wanapigana wawili kwa wawili. Zamani kila mchezo mpya ulipokea viumbe vyote vya zamani. Tangu Sword na Shield, mwaka wa 2019, watengenezaji waliacha desturi hiyo. Wengine wanabaki inje, miaka inapita, halafu wanaitwa tena. Kila wakiitwa, ulizo ni moja: huyu anayerudi atakuwa mkubwa kama zamani, ao atakaa kwenye benchi?

Hapa kwetu mashine ya Nintendo Switch ni ya watu wachache. Vijana ninaowajua wanapiga mechi zao kwenye simu, kupitia Pokémon Showdown, ukurasa wa intaneti wa bure. Lakini mwezi wa Februari 2025 kulitangazwa mchezo unaoitwa Pokémon Champions, wa mapigano tu, kwa ajili ya Switch na pia kwa ajili ya simu. Na unarudisha Mega Evolution, ile nguvu ya Pokémon kubadilika umbo katikati ya mechi, ambayo Sword na Shield iliiacha. Kwa hiyo ulizo la nani atafaa na nani hatafaa linafika mpaka kwetu, kwa yule kijana anayenunua intaneti ya saa moja na anataka saa hiyo isipotee bure.

Turudi kwa kosa langu. Incineroar ni paka mkubwa mwenye mwili wa mpiganaji wa mieleka, wa aina ya moto na giza. Alitawala mashindano ya 2018 na 2019. Scarlet na Violet zilipotoka Novemba 2022 hakuwemo. Alirudi tarehe 14 Desemba 2023, pamoja na nyongeza inayoitwa The Indigo Disk.

Mimi nilisema: safari hii hataweza. Nilikuwa na sababu, na nilizihesabu kwa vidole. Silaha yake kubwa ni kipaji cha Intimidate: akiingia uwanjani tu, wapinzani wote wawili wanashuka nguvu ya mapigo ya mwili mpaka theluthi mbili. Lakini wakati yeye hayuko, mchezo ulikuwa umeleta Clear Amulet, hirizi inayomkinga mwenye kuishika asishushwe nguvu. Ulikuwa umeleta Covert Cloak, vazi linalozuia mtu asishtuke kwa pigo lake la Fake Out. Na kulikuwa Kingambit, ambaye kama ana kipaji cha Defiant, ukimshusha nguvu kidogo yeye anapanda maradufu. Nikasema: milango yote imefungwa, huyu mzee ataingilia wapi?

Aliingia. Kanuni za Januari 2024 zilipoanza, Incineroar alikuwa tena kwenye ekipe nyingi kuliko karibu Pokémon wote. Hakushinda kwa kuvunja ile milango. Kila mpinzani aliyeshika hirizi ya kumzuia Incineroar alikosa nafasi ya kushika kitu kingine, maana kila Pokémon anashika kifaa kimoja tu. Kumbe hata ulipomzuia, ulikuwa umekwisha kumlipa. Tena hakuja na kazi moja. Anashusha nguvu, anamkosesha mpinzani zamu kwa Fake Out, anaangusha vifaa vya watu kwa Knock Off, na kwa Parting Shot anawadhoofisha tena huku yeye mwenyewe akitoka, ili baadaye arudi na aanze upya. Ukifunga mlango mmoja, anapitia mwingine.

Hapo nilijifunza kwamba nilikuwa nimehesabu silaha zinazompinga, na sikuhesabu kazi anayofanya. Ni kama kocha anayesema kiungo wa kati hafai tena sababu mabeki wa leo ni wakubwa. Mabeki ni wakubwa, ndiyo, lakini nani atagawa mpira?

Kosa la vijana wetu linatokea upande wa pili. Wao wanahesabu jina. Mwaka wa 2014, huko Washington, Park Se-jun wa Korea ya Kusini alishinda ubingwa wa dunia akiwa na Pachirisu, kasindi kadogo ka umeme ambako watu walikaona ka mapambo. Dunia nzima ilishangaa. Pachirisu hakuwemo katika Sword na Shield, akarudi katika Scarlet na Violet. Je, alitawala? Hapana. Wengi walimpenda, wachache walimpeleka kwenye meza za juu. Ushindi wa 2014 ulitokana na mtu aliyeona kwamba ekipe yake inahitaji mmoja wa kuvuta mapigo kwake ili Gyarados apate nafasi, katika kanuni za mwaka ule na mbele ya wapinzani wa mwaka ule. Jina lilirudi, ile nafasi haikurudi.

Kuko pia kosa la tatu: kusahau kwamba anayerudi pengine amepunguzwa. Zacian alikuwa tishio la kizazi cha Sword na Shield. Akiwa na upanga wake nguvu ya pigo ilikuwa 170, na kila akiingia uwanjani alipanda tena. Alipofika Scarlet na Violet, 170 imekuwa 150, na kule kupanda kunatokea mara moja tu katika mechi. Yule aliyemchagua kwa kumbukumbu alipata Zacian mwingine. Bado ni mzuri, lakini si yule aliyewakosesha watu usingizi.

Kwa hiyo mimi sasa ninauliza mambo manne, kwa mfuatano huu. Moja: anafanya kazi gani? Mbili: wakati hayuko, nani alishika kazi hiyo, na je, anaifanya vizuri kuliko yeye? Tatu: kitu gani kimebadilishwa mwilini mwake ao katika kanuni? Ine: akiingia, anachukua nafasi ya nani?

Tujaribu maulizo haya kwa mfano tunaoujua. Mwaka wa 2015 kulikuwa kundi la Pokémon watano ambalo wachezaji waliliita CHALK, kwa herufi za kwanza za majina yao: Cresselia, Heatran, Amoonguss, Landorus na Kangaskhan. Ulikuwa ukikutana nao karibu kila mahali. Wanne kati yao walipatikana tena katika Scarlet na Violet. Amoonguss alikuwemo tangu mwanzo, na aliendelea na kazi yake ile ile ya kulaza watu na kuvuta mapigo, sababu hakuna aliyemshinda katika kazi hiyo. Cresselia alirudi 2023 na pigo jipya, Lunar Blessing, linaloponya yeye na mwenzake, kwa hiyo kazi yake iliongezeka. Heatran alirudi na akapata mahali pake bila kelele.

Landorus ndiye somo kubwa. Ana maumbo mawili. Umbo la Therian, lenye Intimidate, ndilo lililotawala miaka mingi, na kila mtu alilingojea. Lakini wachezaji wengi wa mashindano waliishia kuchagua umbo la Incarnate, sababu lilipata pigo la Sandsear Storm linalowapiga wapinzani wote wawili, tena linaongezewa nguvu na kipaji chake cha Sheer Force. Mtabiri aliyesema "Landorus anarudi" alisema kweli, ila wengi walimngojea kwenye mlango ambao siye aliutumia.

Amebaki wa tano, Kangaskhan, yule mama mwenye mtoto mfukoni. Scarlet na Violet hazikumpokea. Sasa Mega inarudi, na vijana wa mtaa wamekwisha kuapa: Mega Kangaskhan atatawala kama 2014. Mimi ninasema hapana, na safari hii ninatoa sababu zangu mbele ya wote.

Kazi yake ilikuwa kupiga mara mbili kwa zamu moja: mama anapiga, mtoto anaongeza. Mwanzoni pigo la mtoto lilikuwa nusu ya lile la mama. Tangu 2016, katika Sun na Moon, likawa robo tu. Pigo lake lingine, Sucker Punch, lilishushwa kutoka 80 mpaka 70. Huyo ndiye Kangaskhan anayeweza kurudi, kama hakuna aliyemrudishia ile nusu. Tena yeye anapiga kwa mwili, na ulimwengu anaourudia una Incineroar na wenzake wa kushusha nguvu za mwili.

Ulizo la ine ndilo linalomuumiza zaidi. Katika mashindano yote ya zamani, mchezaji aliruhusiwa kubadilisha Pokémon mmoja tu kuwa Mega kwa mechi moja, na huyo kwa kawaida lazima ashike jiwe lake, hawezi kushika kifaa kingine. Maana yake wanaorudi hawapigani na wenyeji tu. Wanapigana wao kwa wao juu ya kiti kimoja. Wakirudi kumi pamoja, tisa wanaweza kukaa inje hata kama wote ni wazuri. Kangaskhan atatumiwa, atashinda mechi, pengine miezi ya kwanza atatisha juu ya watu wamemsahau. Lakini mfalme, hapana.

Nikilazimishwa kuweka pesa yangu, nitaweka kwa Salamence, kama kanuni zitamruhusu. Yeye pia alipunguzwa mwaka ule wa 2016: kipaji chake cha Aerilate kilikuwa kinaongeza theluthi hivi, sasa kinaongeza sehemu moja ya tano. Hata hivyo kazi zake ni nyingi. Akiingia kabla ya kubadilika anashusha nguvu za wapinzani kwa Intimidate. Akisha kubadilika anakuwa mgumu wa kuangusha. Anaweza kupiga wote wawili pamoja, ao kuleta upepo wa Tailwind unaoharakisha wenzake. Unaona? Ni hesabu ile ile ya Incineroar.

Najua jibu la wengine. Wanasema: kwa nini kujisumbua na utabiri? Ngoja majuma mawili, tazama ekipe ya aliyeshinda Ulaya ao Marekani, iandike vile vile, cheza. Jibu hilo lina akili, na wengi wanafanya hivyo. Lakini ekipe ya kunakili haikuambii kwa nini yule wa ine yuko pale. Siku mpinzani akibadilisha kitu kimoja, umekwama. Mwenye mashine nyumbani na umeme wa siku nzima anaweza kupiga mechi mia moja mpaka aelewe. Kijana wetu anapiga tano, kisha intaneti imeisha. Yeye anahitaji kufikiri kabla ya kuingia, juu mechi zake ni chache na kila moja inamgharimu. Kutabiri kunampa kitu ambacho hakuna bei, ni kichwa chake mwenyewe tu.

Tena kutabiri kwa sauti kuna faida nyingine: kunakufanya ukubali kosa. Mimi kama ningenyamaza Desemba ile, leo ningekuwa ninasema nilijua tangu mwanzo. Sababu nilisema mbele ya watu, nililazimika kutafuta nilikosea wapi. Ndiyo maana ninawaomba vijana wetu waandike utabiri wao kwenye daftari kabla ya kanuni mpya kuanza: jina, kazi, na sababu moja. Baada ya miezi mitatu walifungue pamoja. Huko ndiko kujifunza kuliko, kuliko kupigia kelele jina la zamani.

Hayo ni maoni yangu. Nimeandika kwamba Kangaskhan hatakuwa mfalme na kwamba Salamence atampita, lihifadhini. Kama nikikosea tena, jina la kuniita mnalo.