Ajira: Arusha inaandika, miji mikuu inaamua

KILA mara mwenzetu anaponyimwa kibali cha kazi nchi jirani, lawama hupelekwa Arusha. Utasikia watu wakisema Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshindwa kazi. Mimi nasema lawama hiyo imekosea mlango, na wenye mlango wao wananyamaza tu.

Tuangalie mambo yalivyo. Itifaki ya Soko la Pamoja ilisainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010. Ibara ya 10 inamruhusu mfanyakazi kutafuta kazi katika nchi mwanachama yoyote. Ibara ya 13 inampa raia haki ya kufungua shughuli yake mwenyewe. Maneno mazuri hayo. Lakini katika viambatanisho vyake, kila nchi iliorodhesha kazi ilizokubali kuzifungua, na kibali kikabaki mikononi mwa nchi yenyewe.

Nani basi anapanga? Si Sekretarieti; hao huandaa makabrasha. Wanaopanga ni Baraza la Mawaziri, na mawaziri huamua kwa maafikiano: mmoja akikataa, jambo linalala. Wabunge wa Afrika Mashariki, tisa kwa kila nchi, huchaguliwa na mabunge ya nchi zao, si na wewe na mimi. Muswada wao hauwi sheria mpaka wakuu wa nchi waridhie. Wenye kampuni kubwa na vyama vya wafanyakazi wana namna ya kusikika vikaoni. Mama anayevusha vitenge Kobero au Rusumo hana.

Matokeo yake tumeyaona. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu na saluni. Kenya ililalamika hadharani. Amri hiyo haikutoka Arusha. Vivyo hivyo, Kenya na Rwanda zilipofutiana ada ya kibali cha kazi, uamuzi ulitoka Nairobi na Kigali. Kufunga ni kwa miji mikuu, na kufungua pia.

Wanaoumia ni nyinyi. Mfanyabiashara mwenye bidhaa za ukanda huu zisizozidi dola 2,000 hupata cheti rahisi cha uasili hapo hapo mpakani. Akitaka kupanga kibanda ng'ambo auze mwenyewe, anaulizwa kibali. Gunia lake linavuka kirahisi kuliko yeye! Na aliyerudi nyumbani baada ya miaka ya ukimbizi, ufundi wake na wateja wake wako ng'ambo. Jana alikuwa mkimbizi kule, leo ni mgeni.

Sisemi nchi zisilinde vijana wao. Kila serikali ina wajibu huo. Ninachotaka ni kila waziri atuambie, kwa lugha tunayoielewa, alikubali nini na alikataa nini kikaoni kwa jina letu. Pia vyama vya wafanyabiashara wa mpakani viitwe kabla ya kikao, si kusomewa maazimio baadaye.

Kwa hiyo tuache kuilaumu Arusha peke yake. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize: unawachagua akina nani kwenda Bunge la Afrika Mashariki, na umewatuma wakaseme nini kuhusu kazi zetu?