CHENSO ZA ZAMANI ZIBAKI KARAKANA



Katika mashamba ya chai ya magharibi mwa Uganda, majani hayakauki bila kuni, na kuni hazipatikani bila kuangusha mikaratusi. Nyuma ya chai hiyo yuko mkata miti na chenso yake. Nami nilikuwa mmoja wao kwa miaka tisa kabla sijachaguliwa kukitumikia chama.

Hivi karibuni nilitembelea tawi letu moja. Fundi wa karakana, mzee anayekaribia kustaafu, alinionyesha rafu yake. Amekusanya chenso saba zilizotupwa, akazifufua kwa kutoa kipuri hiki huku na kukitia kule. Platini anazisafisha kwa msasa laini. Kabureta anaipuliza kwa mdomo. Petroli lita 25 anazitilia oili lita moja, maana injini za zamani hutaka oili nyingi. Alivuta kamba ya Stihl 070 mara tatu, ikanguruma. Injini ya sentimeta za ujazo 106! Siwafichi, moyo wangu ulifurahi. Akanieleza pia habari za meno ya mnyororo: mwaka 1946 huko Oregon, Marekani, mkata miti aitwaye Joseph Cox alimtazama buu akitafuna mti kushoto na kulia, akatengeneza mnyororo wa kukata vivyo hivyo. Kijana gani wa karakana hafai kusikia hayo? Kwa hiyo siungi mkono wanaosema rafu ile ni takataka.

Ugomvi wangu ni huu. Meneja alizisikia zikiunguruma, akaamuru mbili zirudi msituni.

Mashine zile hazina breki ya mnyororo wala mipira ya kupunguza mtikisiko. Ncha ya juu ikigusa gogo, chenso hurushwa nyuma usoni mwako kabla hujapepesa jicho. Breki ndiyo husimamisha mnyororo, na si kitu kigeni: ilikuwa inauzwa tangu miaka ya 1970. Mtikisiko nao huharibu mishipa polepole. Mimi asubuhi za baridi vidole viwili vya mkono wa kushoto huwa vyeupe kama chaki, na vifungo vya shati hunifungia mama watoto.

Wapo wenzetu wanaosema chenso ya zamani ina nguvu, na mwenye kukata vipande vingi hulipwa zaidi. Ni kweli, hulipwa zaidi mwezi huu. Lakini aliyekatwa paja halipwi kwa vipande.

Nasema zile saba zibaki karakana, vijana wafundishwe juu yake kufungua, kufunga na kunoa kwa tupa. Msituni ziende zenye breki, pamoja na kofia ngumu, viatu na suruali za kinga. Na pasikatwe shilingi katika mshahara kwa vitu hivyo. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 155 wa mwaka 1981, kifungu cha 21, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Kamati ya tawi iingie ofisini na karatasi hiyo mkononi, si kwa maneno matupu.

Fundi mwenyewe, kabla sijaondoka, alizifungua plagi za chenso zile mbili akazitia mfukoni. Alisema meneja akizihitaji, amwite katibu wa tawi kwanza.