Fundi wa Mbali Naye Apige Hodi

Siku hizi kompyuta ikisumbua, fundi haji nyumbani. Anakwambia uweke AnyDesk au TeamViewer, umtajie namba zinazotokea kwenye kioo, ukubali, na ameshaingia. Hatuna ugomvi na hilo. Mwanamke aliye peke yake anapata msaada bila ya mwanamme wa kando kuvuka kizingiti.

Lakini tusijidanganye: kaingia vilevile. Kwenye kompyuta ya bi harusi mna picha za singo, za hina, za ukumbi wa wanawake watupu. Picha hizo zina mashoga zako, mama zako na wifi zako, vichwa wazi. Walipigwa kwa kukuamini. Ni amana.

Dini imetufunza hodi, basi na huku iwepo. Hamishia picha kwenye flashi kwanza, uichomoe. Dirisha la AnyDesk la kukubali likitokea, zima ruhusa ya kuhamisha mafaili. Kaa mbele ya kioo mpaka amalize. Akitaka kuweka neno la siri la kudumu ili aingie hata usipokuwepo, kataa. Hapo unampa ufunguo wa nyumba. Kazi ikisha, kata mawasiliano, uifute programu.

Na anayekupigia simu mwenyewe, hukumwita, akidai kompyuta yako ina virusi? Mwizi huyo. Mkatie.

Tunaona haya kumwambia fundi "subiri kwanza". Haya hiyo tuiweke kwa wenzetu waliomo pichani.