Gesi ya AC: Mbona "Jaza Tu, Mek" Itakukosti Zaidi Kuanzia Sasa

Hebu tuongee ukweli. Saa nane mchana, jua linachoma, umekwama kwa jam ya Mombasa Road. Unawasha AC, na kinachotoka ni kama pumzi ya jiko la makaa. Kesho yake unapeleka ndai kwa mek wa mtaa. Anafungua bonneti, anafinya valvu kidogo, psssss, halafu anakuambia, "Gesi imeisha, boss. Toa kitu nijaze." Unatoa, anajaza, baridi inarudi, mnagongana gota. Miezi mitatu baadaye mko hapo hapo tena.

Wasee wengi wamezoea huo mchezo, lakini gari zinazoingia Kenya sasa hivi haziwezi kuuvumilia. Na wewe ndiye utalipa.

Gesi ya AC haiishi kama petroli

Hii ndiyo ya kwanza kuweka kwa kichwa. Mfumo wa AC umefungwa kabisa. Gesi inazunguka mle ndani: kompresa inaifinya, inapoa kwa kondensa pale mbele ya rejeta, halafu inaachiliwa kwa ghafla ndani ya dashibodi na kufyonza joto. Haichomwi. Mfumo ukiwa mzima, gesi inapungua polepole sana, inaweza kuchukua miaka mingi kabla ushtuke.

Kwa hivyo kama unajaza kila baada ya miezi michache, kuna mahali inatoboka. Inaweza kuwa ringi ya mpira iliyokauka, kondensa iliyopigwa na mawe, au sili ya kompresa. Kuongeza gesi bila kutafuta hilo tobo ni kumwaga maji kwa ndoo iliyopasuka, na bado unalipia maji.

Kuna shida ingine. Oili ya kompresa inasafiri pamoja na gesi, kwa hivyo gesi ikitoroka, oili kidogo inatoroka nayo. Kompresa ikikosa oili inakwama, na bei ya kompresa unaijua.

Sasa kuna gesi mbili mjini

Gari za zamani zilitumia R-12, ile iliyokuwa inatoboa tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987 ndio uliifukuza, na kuanzia miaka ya 1990 watengenezaji wakahamia R-134a. Hiyo ndiyo mek wako anaijua, na ndiyo imejaa kwa maduka ya Kirinyaga Road.

R-134a haigusi ozoni, lakini inapasha dunia joto vibaya. Kilo moja ikitoka hewani inalingana na kilo 1,430 za kaboni dioksidi kwa miaka 100. Piga hesabu: gari dogo linabeba karibu gramu 500. Mek akiziachilia zote, umetoa sawa na kilo 715 za kaboni. Hiyo ni kama kuchoma lita 300 hivi za petroli, na gari halijatoka gereji.

Ndiyo maana Ulaya ilisema kuanzia 2017 gari jipya lisiuzwe na gesi hiyo. Mahali pake pakachukuliwa na R-1234yf, ambayo madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo sana. Japan nayo iliwawekea watengenezaji wake lengo la kuhama kufikia 2023.

Unaona inakoelekea? Kenya hairuhusu gari lililotumika la zaidi ya miaka 8. Mwaka 2026, kongwe zaidi linaloweza kuingia ni lililosajiliwa mara ya kwanza 2019. Kwa hivyo ile Range au Mercedes inayoshuka Mombasa kutoka Uingereza ina gesi mpya. Za Japan ziko mchanganyiko, na kila mwaka za gesi mpya zinaongezeka.

R-1234yf ni ghali kuliko R-134a, mbali sana. Pia inaweza kushika moto, ingawa si kirahisi kama gesi ya kupikia. Watengenezaji waliipa mdomo tofauti wa kujazia ili isichanganywe na ile ya zamani. Lakini mnajua mjini: mtu atatafuta adapta, akuwekee ya bei rahisi, akuambie "zote ni gesi." Si zote. Mchanganyiko huo ukiingia kwa mashine ya gereji inayofuata, unaharibu mtungi mzima wa wateja wengine.

Bei ikipanda, feki huingia

Oktoba 2016, nchi za dunia zilikutana Kigali, hapa jirani, zikakubaliana kupunguza gesi za familia ya R-134a. Kundi la nchi nyingi zinazoendelea lilipangiwa kusimamisha ongezeko 2024, kukata asilimia 10 kufikia 2029, na asilimia 80 kufikia 2045. Maana yake, hata hii ya bei nafuu haitabaki ya bei nafuu.

Ulaya wameshapitia hiyo. Walipobana kiwango cha kuuzwa, karibu 2018 bei iliruka na magendo yakaanza. Na feki ya gesi si kama feki ya viatu. Mwaka 2011, makontena ya baridi yalilipuka na kuua wafanyakazi Vietnam na Brazil. Ndani kulikuwa na gesi bandia yenye kloridi ya methili, ambayo ikikutana na aluminiamu hutengeneza kitu kinachowaka kikigusa hewa tu. Kondensa ya gari lako imetengenezwa na nini? Aluminiamu.

Wasee wa haibridi, nyinyi zaidi

Kama unaendesha Aqua au haibridi ingine, kompresa yako kwa kawaida inazungushwa na umeme wa volti nyingi. Oili yake lazima isipitishe umeme. Mek akiingiza oili ya kawaida, hata kidogo, inaweza kuharibu kinga ya umeme ndani ya kompresa na gari likakataa kuwaka. Kwa msee wa teksi ya mtandao, hiyo ni wiki bila mkate. Na zile nyaya za rangi ya machungwa, asiyefunzwa asiziguse.

Kazi safi inakaa hivi

Kwanza, mek anasoma stika iliyo chini ya bonneti. Inasema aina ya gesi na gramu ngapi. Asipoisoma, jua anabahatisha.

Pili, anatoa gesi iliyobaki kwa mashine ya kuifyonza, haiachilii hewani. Mashine inaipima. Kama gari linahitaji gramu 500 na zimetoka 200, tayari unajua 300 zilitoroka.

Tatu, anatafuta tobo kwa naitrojeni au rangi inayong'aa chini ya taa ya UV. Kamwe si oksijeni; ikikutana na oili kwa presha inaweza kulipuka.

Nne, baada ya kurekebisha, anavuta hewa yote kwa pampu, nusu saa hivi au zaidi. Presha ikishuka hivyo, maji yaliyojificha ndani yanachemka na kutoka bila moto. Halafu anazima pampu na kungoja. Sindano ya geji ikipanda, bado kuna shida.

Tano, anajaza kwa mizani. Kuguza paipu na kusema "imeshika baridi" si kipimo. Gesi ikizidi, presha inapanda na kompresa inaumia.

Na mek mwenyewe avae miwani na glavu. R-134a huchemka kwa nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikikuruka jichoni, inagandisha.

Mek si adui

Tusiwatupie lawama vijana wa jua kali tu. Mashine ya kufyonza na kupima gesi ni ghali, na wateja wenyewe ndio tunasema "nifanyie ya haraka." Hakuna atakayenunua mashine kama sisi tunalipia pssss pekee.

Lakini gereji tano za mtaa mmoja zinaweza kuchanga na kumiliki moja. Na kijana atakayejifunza gesi mpya na AC ya haibridi leo, huyo ndiye atakuwa na foleni mlangoni magari haya yakijaa.

Kwa hivyo ukienda gereji next time, uliza maswali matatu kabla utoe pesa: gari langu linatumia gesi gani, tobo liko wapi, na umejaza gramu ngapi? Akijibu yote, mlipe vizuri. Akicheka, funga bonneti, shusha dirisha, uende kwa mwingine.