*TAARIFA YA TAWI: TAKA ZA MTARONI ZINAUA BAHARI*

Ndugu wanachama,

Masika yanakaribia. Wapo wanaosubiri mvua kubwa wamwage taka mtaroni, maji yazibebe. Msimamo wa tawi ni huu: taka hizo haziishi, zinahama tu. Zinaingia Mto Msimbazi, zinapita Jangwani na kutokea baharini karibu na Daraja la Selander.

Pale mtoni panapokutana na bahari kuna mikoko. Mizizi yake huchomoza juu ya tope ipate hewa. Plastiki ikiifunika, mti hudhoofika hadi kufa, na humo ndimo kamba na samaki wadogo wanamokulia. Huko mbele, kasa akiona mfuko unaelea hudhani ni konyeza, chakula chake. Akiumeza, utumbo huziba. Tumbo limejaa, naye anakufa njaa. Hawa ndio kasa wanaotaga Mafia na fukwe za kusini mwa Kigamboni. Nyavu zilizotupwa nazo huendelea kunasa samaki wanaooza bila kumfaa mtu.

Tunasikia wakisema, "Sisi si wavuvi." Sawa, lakini mama lishe wa mtaa huu ananunua samaki Feri. Mazalia yakifa, bei inampanda yeye kwanza, kisha mteja wake.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Tuliunga mkono. Hata hivyo, vifungashio laini bado vinabebea nyanya na dagaa sokoni. Na kuokota taka ufukweni siku moja, tukapiga picha na fulana, huku mitaro inamwaga kila siku, ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kwa hiyo:

1. Kila kiongozi wa shina asimamie mtaro wa eneo lake kabla ya mvua.

2. Wananchi wanalipa ada ya taka, lakini gari likikosa kupita, taka zinarudi mtaroni. Tutaomba mapato na matumizi ya ada hiyo yasomwe kwenye mkutano wa mtaa. Njooni na risiti zenu.

3. Vikao vyote vya tawi, maji ni ya ndoo na vikombe. Chupa za plastiki hapana.

Tukitaka kuisimamia halmashauri, tuanze na mtaro wetu.

*Katibu wa Tawi*