Kebo ikikatika tena, kazi yetu isisimame: Tujenge rejista yetu ya programu-jalizi

Ukishuka matatu Dagoretti Corner, tembea kidogo kando ya Ngong Road uwaangalie mafundi wa fanicha. Makochi, vitanda na kabati, zote ziko nje juani. Sasa jiulize: fundi akiishiwa misumari saa tano asubuhi, anaiagiza kutoka wapi? Haagizi Ulaya. Anamtuma kijana kwa duka la vifaa vya ujenzi lililo hapo karibu, na baada ya dakika kumi nyundo inaendelea kulia.

Wewe unayeandika msimbo ghorofani juu ya duka hilo hilo huna bahati hiyo. Misumari yako iko ng'ambo. Kila unapoihitaji inavuka bahari, na siku njia ikifungwa unakunja mikono na kungoja.

Misumari ninayosema ni programu-jalizi, vile vijiprogramu unavyochomeka kwenye kihariri chako cha msimbo. Kimoja kinakuonyesha makosa ya Python kabla hujaendesha programu, kingine kinanyoosha mistari yako, kingine kinakuunganisha na hifadhidata. Ukiviondoa vyote, VS Code inabaki daftari lenye rangi tu.

Zamani ulikuwa unavipakua mara moja kwenye laptopu yako, mambo yanaisha. Siku hizi wengi wetu tunafanyia kazi kwenye wingu, na sababu inajulikana. Laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 huanza kuhema ukifungua kivinjari na Docker kwa pamoja. Kwa hivyo unafungua GitHub Codespaces, au chuo chako kinaweka Eclipse Che kwenye seva yake, na kazi nzito inafanywa na seva hiyo. Wewe unahitaji kivinjari tu. Sina ugomvi na mpango huo. Kwa mtu aliyesota, ni mkombozi.

Ila kuna jambo ambalo hatulizungumzii. Nafasi ya kazi kwenye wingu haikai kama laptopu yako. Mara nyingi ukiiwasha inaanza na kontena safi, kisha inakwenda kuchukua programu-jalizi upya kutoka kwa rejista, yaani ghala linalohifadhi programu-jalizi na maelezo ya kila moja: jina, toleo, leseni na faili lenyewe. Maghala yanayotumika zaidi ni mawili. Moja ni soko la Microsoft. La pili ni Open VSX, linalosimamiwa na Eclipse Foundation. Yote mawili hayako Nairobi, na sheria zake hazitungwi hapa.

Msimamo wangu ni huu: kila chuo, kila shule ya programu na kila kitovu cha teknolojia kinachofanyia kazi kwenye wingu hapa Nairobi kinafaa kuwa na rejista yake ya programu-jalizi, kwenye seva iliyo hapa hapa nchini. Na wa kuijenga ni wewe. Usingoje serikali.

Sababu ya kwanza ni kebo. Jumapili ya Mei 12, 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Kenya, Tanzania, Uganda na majirani wakakwama. Intaneti ilitambaa kwa siku kadhaa, na kama ulikuwa na mteja wa ng'ambo anayengoja kazi unakumbuka ulivyohangaika. Miezi michache kabla ya hapo, Februari, kebo nyingine zilikuwa zimekatika kwenye Bahari ya Shamu. Kwa hivyo mtu asikwambie hayo ni mambo ya mara moja katika maisha.

Hapa kuna historia ambayo kila kijana wa teknolojia Nairobi anafaa kuijua. Kabla ya mwaka 2000, barua pepe kutoka mtumiaji wa kampuni moja ya intaneti hapa mjini kwenda kwa jirani yake aliye na kampuni nyingine ilipanda setilaiti, ikaenda Ulaya au Marekani, kisha ikarudi. Watoa huduma wakaungana chini ya chama chao, TESPOK, wakaanzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, Novemba 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya kipekee kwenye mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika, na baada ya takriban wiki mbili kituo kikafungwa na tume ya mawasiliano. Wenyewe hawakukata tamaa. Walibishana, wakaeleza, wakafuata leseni, na Februari 2002 kituo kikafunguliwa tena. Leo data ya Nairobi kwenda Nairobi haina haja ya kuvuka bahari.

Sasa angalia kichekesho. Seva ya chuo chako ikiwa hapa nchini, unaweza kuifikia hata kebo ya baharini ikiwa imekatika. Unafungua kivinjari, unaingia, nafasi ya kazi inawaka. Kisha inaanza kutafuta programu-jalizi ng'ambo, na inakwama hapo. Watu wa KIXP walitumalizia kazi ngumu miaka zaidi ya 20 iliyopita. Sisi tumeshindwa kuweka ghala upande wetu wa barabara.

Sababu ya pili ni sheria za mwenye duka. Masharti ya soko la Microsoft yanaruhusu programu-jalizi zake zitumike na bidhaa za Microsoft pekee. Ndiyo maana Open VSX ilianzishwa, ili wahariri wengine wapate pa kuchukulia. Wengi hawakuyatilia maanani masharti hayo hadi Aprili 2025, wasanidi waliokuwa wakitumia Cursor walipokuta programu-jalizi ya Microsoft ya C/C++ imegoma kufanya kazi. Haki ilikuwa ya Microsoft, leseni ilikuwa tayari inasema hivyo. Lakini kama deni la mteja wako linategemea chombo ambacho mtu mwingine anaweza kukuzimia kati ya wiki, huna chombo. Umeazima.

Sababu ya tatu ni usalama, na hapa bana usicheze. Julai 2025, kampuni ya Kaspersky ilieleza kisa cha msanidi mmoja wa mambo ya sarafu za kidijitali nchini Urusi aliyepakua programu-jalizi feki ya lugha ya Solidity kutoka Open VSX. Alipoteza takriban dola 500,000. Oktoba mwaka huo huo, wachunguzi wa Koi Security wakafichua programu hasidi iliyopewa jina GlassWorm, iliyokuwa ikijisambaza kupitia programu-jalizi na kuiba siri za kuingilia akaunti. Ghala lililo wazi kwa kila mtu duniani kuweka mzigo wake litaingia nyoka siku moja. Ghala lako dogo lenye programu-jalizi 40 ambazo watu wawili wamezikagua ni chujio.

Kwani ni kazi ngumu? Si rahisi kama kupika chai, lakini si ya roketi pia. Wacha nikupitishe.

Anza na orodha. Waulize wenzako wanatumia nini hasa, si walichopakua wakasahau. Kwa darasa la kawaida utapata programu-jalizi kati ya 30 na 40. Andika jina na toleo la kila moja. Toleo ni muhimu: ukiandika "la karibuni kabisa", umeacha mlango wazi.

Pili, soma leseni. Hapa vijana wengi huruka, na ndipo shida huzaliwa. Si kila programu-jalizi unaruhusiwa kuigawa. Pylance ya Microsoft, kwa mfano, hairuhusiwi kutumika nje ya bidhaa zao. Badala yake weka zilizo huria: Pyright kwa Python, clangd kwa C na C++. Utapoteza vitu vichache, lakini utalala usingizi.

Tatu, jenga. Huhitaji kuandika kila kitu tangu mwanzo. Programu ya seva ya Open VSX ni huria, unaweza kuisimamisha mwenyewe ukiwa na hifadhidata ya PostgreSQL. Watu wa Eclipse Che nao wana mradi wao wa rejista: unaandika orodha ya programu-jalizi kwenye faili, unaendesha skripti, inazipakua zote na kuzifungia ndani ya picha moja ya kontena. Picha hiyo ndiyo ghala lako. Unaweza kuibeba hata kwenye diski ya USB.

Nne, isimamishe. Isukume picha kwenye seva yako, iendeshe kwenye Kubernetes, iwekee anwani na cheti cha HTTPS, kisha badilisha mstari mmoja kwenye mipangilio ya Che ili kihariri kiulize rejista yako badala ya ile ya ng'ambo.

Tano, na hii ndiyo mtihani wenyewe: zima njia ya nje. Izuie seva isifike popote nje ya nchi, kisha washa nafasi mpya ya kazi. Ikiwaka ikiwa kamili, umeshinda. Isipowaka, utaona wazi ni nini bado kinatoka nje. Mara nyingi ni picha za kontena zenyewe na maktaba za npm na pip. Nazo zina dawa: Verdaccio kwa npm, devpi kwa pip, zote huria. Rejista ya programu-jalizi ni chumba cha kwanza cha nyumba. Vyumba vingine vitafuata.

Najua pingamizi. Wapo watakaosema Open VSX ipo na ni ya bure, kwa nini tujisumbue? Ni kweli ipo, na rejista yako itachukua mizigo kutoka huko huko. Hakuna anayesema tujitenge na dunia. Fundi wa fanicha pia hutumia misumari iliyotoka kiwandani mbali. Tofauti ni kwamba duka la karibu lina akiba.

Wengine watasema pesa hakuna. Ghala la programu-jalizi 40 halihitaji jumba la seva. Linaingia kwenye mashine ya kawaida ambayo chuo tayari inayo, na vyuo vikuu vimeunganishwa na KENET, mtandao ulioundwa kwa ajili ya elimu na utafiti. Gharama halisi ni muda wa watu.

Hapo ndipo pingamizi lenye uzito lilipo. Ghala lisilotunzwa ni hatari kuliko kutokuwa na ghala. Ukifunga toleo la leo na usiliguse mwaka mzima, utakuwa unawagawia wenzako matundu ya usalama ambayo dunia ilishayaziba. Kwa hivyo usianzishe kitu hiki peke yako kwa mbwembwe za wikendi. Tafuta mwenzako, wekeni siku moja kila mwezi ya kusoma masasisho, kukagua na kujenga picha upya. Likitokea tundu kubwa, msingoje mwisho wa mwezi. Kama hamwezi kuahidi hivyo, afadhali msianze.

Lakini mkiweza, faida yake haiishii kwenye siku ya kebo kukatika. Ukishakuwa na ghala, unaweza kuweka vitu vyako mwenyewe. Ni wangapi hapa mjini wameandika upya, kutoka sufuri, msimbo ule ule wa kuunganisha malipo ya M-Pesa kupitia Daraja? Ni wangapi sasa wanahangaika na ankara za eTIMS za KRA? Programu-jalizi inayokupa kiolezo kilichojaribiwa ingeokoa usiku mwingi wa watu. Hakuna mtu California atakayeiandika, kwa sababu haimuumi. Sisi inatuuma.

Na usiniambie barabara hii haiwezi. Ushahidi ilijengwa na Wakenya mwaka 2008 wakati nchi ilikuwa inaungua, ikawekwa huria, na mwaka 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko. Mwaka huo huo iHub ilifunguliwa hapa hapa Ngong Road. Tangu hapo tumejifunza kutumia vyombo vya watu vizuri sana, na tunalipwa kwa hilo. Ila umahiri wa kutunza miundombinu, ile kazi isiyo na picha nzuri ya kuweka Instagram, bado tumewaachia wengine. Ukienda kwa mahojiano ya kazi, mtu aliyejenga na kutunza rejista inayotumiwa na wenzake 60 ana cha kuonyesha kuliko mwenye programu ya tano ya orodha ya mambo ya kufanya.

Basi usiache jambo hili liishe kwenye kusoma. Wiki hii fanya moja tu: fungua kihariri chako, andika programu-jalizi zote ulizo nazo, toleo lake na leseni yake, kisha mtumie mwenzako afanye vivyo hivyo. Linganisheni. Orodha hiyo ndiyo nusu ya kazi, na haihitaji hata bando.