Barua ya Bwana Shamba: Mlevi Asifungiwe Ndani

Ndugu msomaji,

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mahindi. Mwezi huu tutazungumza juu ya adui mwingine wa mavuno. Adui huyu si dumuzi wala panya. Ni gongo.

Kila mwaka mambo ni yale yale. Mavuno yakiuzwa, fedha huingia kijijini. Wengine hununua mabati, mbegu na sare za watoto. Wengine huingia kilabuni Ijumaa, wakatoka Jumatatu. Hunywa usiku na mchana bila kula. Fedha zikiisha, huuza hata gunia la chakula. Ikifika Januari, watoto wao wanalala njaa na mbegu hakuna.

Lakini leo sitaki tuhesabu magunia tu. Nataka tuzungumze juu ya uhai wa mtu.

HATARI WAKATI WA KUNYWA

Pombe nyingi kwa muda mfupi ni sumu. Hulegeza ubongo, na ubongo ndio unaoongoza pumzi zetu. Mtu aliyezidiwa huvuta pumzi polepole. Mwili wake hupoa. Ukimwita haamki. Akitapika huku amelala chali, matapishi huweza kumziba koo, akafa.

Wengi husema, "Mwache alale, pombe itamtoka." Hilo ni kosa. Mlaze kwa ubavu. Mfunike. Usimwache peke yake. Usimnyweshe kahawa, maziwa wala maji, maana atapaliwa. Kama haamki, mpeleke hospitali upesi.

Gongo ina hatari zaidi, kwa sababu mnunuzi hajui kilichomo. Pengine imewekwa katika debe lililokuwa na dawa ya pamba. Mimi ni bwana shamba, nami nakuambia: chombo cha dawa ya wadudu hakifai kwa chakula wala kinywaji, hata ukikiosha mara 10.

Tena wako wauzaji wanaoongeza spiriti ya viwandani iitwayo methanoli. Kwa ulimi huwezi kuitambua. Lakini hupofusha macho, na huua. Huko Kenya, mwezi Mei 2014, watu zaidi ya 60 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Dalili zake huweza kuchelewa hadi siku ya pili. Kichwa huuma, tumbo huuma, mtu hutapika, na macho huona ukungu. Ukiona dalili hizo, usingoje. Sumu hiyo hutibiwa hospitali, na kila saa inayopita ina thamani.

HATARI WAKATI WA KUACHA

Jambo hili wengi hawalijui. Mtu akinywa sana kila siku kwa muda mrefu, mwili wake huzoea pombe. Utamjuaje? Asubuhi mikono yake hutetemeka. Jasho humtoka. Hawezi kushika jembe mpaka apate bilauri ya kwanza. Huyo hakurogwa, wala si mvivu tu. Ana ugonjwa.

Ndugu zake wakichoka, humfungia ndani au humfunga kamba ili aache. Nia yao ni njema, lakini wanaweza kumwua. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla, hushtuka. Katika siku 2 za kwanza mtu huyo anaweza kuanguka kifafa. Siku ya 2 hadi ya 4 anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu au watu ambao hawapo. Moyo huenda mbio, na mwili huwa na homa. Watu husema amepandwa na mashetani. Si mashetani. Ni ugonjwa ule ule, na asipotibiwa anaweza kufa.

Mtu anayekunywa mara moja moja, na ambaye hatetemeki asipokunywa, anaweza kuacha leo hii nyumbani kwake. Lakini yule anayetetemeka aachishwe na mganga.

TUFANYE NINI?

1. Zungumza naye wakati hajalewa. Usimtukane, wala usimpige.

2. Mpeleke zahanati. Mwelezeni mganga kweli: anakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho alikunywa lini. Mganga ataamua kama atibiwe hapo au apelekwe hospitali ya wilaya.

3. Mkubali alazwe akiambiwa alazwe. Hospitali kuna dawa za kutuliza mwili na kuzuia kifafa. Kuna pia vitamini B1, ambayo hulinda ubongo. Ugonjwa ukiwa mkubwa, anaweza kupelekwa kwa madaktari wa akili, kama wale wa Hospitali ya Mirembe, Dodoma.

4. Akirudi nyumbani, msimwache peke yake. Hamu ya pombe hurudi, hasa wakati wa mavuno. Aendelee kwenda zahanati kupata ushauri. Afanye kazi pamoja na watu wasiokunywa. Fedha za mavuno zitunzwe na mume na mke kwa pamoja, benki au katika chama cha akiba.

5. Akianza kunywa tena, msimtupe. Mpelekeni tena. Viwavi wakirudi shambani mara ya pili, hatulichomi shamba. Tunarudi kulihudumia.

Ndugu msomaji, pengine barua hii inakuhusu wewe mwenyewe. Usione haya. Mguu ukivunjika huoni haya kwenda kwa mganga. Nenda kesho asubuhi, na mtu unayemwamini akusindikize. Shamba lako linakungoja, na watoto wako wanakungoja zaidi.

Tuonane mwezi ujao. Tutazungumza juu ya kutayarisha mashamba kabla ya mvua.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mtu aliyezidiwa na pombe alazwe kwa ubavu?
2. Kwa nini ni hatari kumfungia ndani mtu aliyezoea pombe?
3. Kijiji chetu kinaweza kufanya nini kabla fedha za mavuno hazijaingia?